Vilanova na Dari la Altamira

Mimi nasomea ualimu, jiolojia naisikia kwa majirani wa bwenini tu. Juan Vilanova y Piera nilikutana naye wakati naandaa somo la zama za mawe. Michoro ya pango la Altamira nilikuwa naijua toka sekondari, wale nyati wekundu waliochorwa darini. Jina la profesa aliyesimama kuitetea sikuwahi kulisikia.

Alizaliwa Valencia, Hispania, mwaka 1821. Alisoma udaktari na sayansi hukohuko, kisha akapelekwa nchi nyingine za Ulaya kujifunza jiolojia, maana kwao wajuzi wa fani hiyo walikuwa wa kuhesabu. Aliporudi akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Madrid. Mwaka 1873 somo la paleontolojia, yaani elimu ya visukuku, lilitenganishwa na jiolojia, na yeye ndiye akawa profesa wake wa kwanza Hispania nzima.

Ofisini hakukalika. Alizunguka Castellón na Teruel akipima miamba na udongo, akaandika hata kitabu cha jiolojia kwa ajili ya kilimo na viwanda. Ni miongoni mwa watu wa kwanza kuandika kuhusu mifupa ya dinosaria nchini mwake. Aliingia pia pango la Parpalló, ambako karne iliyofuata wachimbaji walitoa mawe bapa zaidi ya 5,000 yenye michoro. Tena alibisha kwamba kabla watu hawajajua kuchanganya shaba na bati, kulikuwa na zama za shaba tupu. Leo hilo linafundishwa kama jambo la kawaida.

Sasa twende Altamira. Mwaka 1879 Marcelino Sanz de Sautuola alikuwa anachimbua sakafu ya pango hilo, kaskazini mwa Hispania. Binti yake María, mtoto wa miaka minane, akainua macho juu akawaona wanyama. Baba mtu akachapisha kijitabu mwaka 1880, akisema michoro ile ni ya watu wa zama za mawe. Vilanova akaenda kuangalia mwenyewe, akaingia, akatoka ameridhika. Mwaka huohuo akaipeleka hoja kwenye mkutano wa kimataifa wa wataalamu mjini Lisbon.

Wakamkatalia. Wakubwa wa fani, hasa Wafaransa, Émile Cartailhac akiwemo, waliona haiwezekani mtu wa kale vile awe na mkono mwepesi vile. Wengine wakanong'ona kwamba kazi ile ni ya mchoraji fulani aliyekuwa mgeni wa Sautuola. Vilanova akawaalika waende wakaone pango. Cartailhac hakwenda. Hapa ndipo ninapokasirika kidogo, kwa sababu pango halikuwa mwezini, lilikuwa nchi ya jirani!

Lakini tusimfanye malaika. Vilanova alikuwa Mkatoliki wa msimamo mkali na nadharia ya Darwin aliipinga mpaka mwisho, kwa hiyo kwa wenzake alionekana mtu wa kizamani. Na kumbe huenda ndiyo iliyomsaidia. Wapinzani wake wengi walishika kwamba binadamu amepanda ngazi polepole, basi aliye ngazi ya chini hawezi kuchora vizuri. Yeye aliamini mtu alikuwa mtu kamili toka mwanzo, akili zote anazo, kwa nini asichore? Alifika kwenye jibu sahihi kwa njia ambayo mimi mwenyewe siikubali, na bado sijui nilifundishe vipi hilo darasani.

Sautuola alifariki mwaka 1888 akiwa bado anashukiwa. Vilanova akafuata mwaka 1893, mjini Madrid. Baadaye mapango ya Ufaransa yenyewe yakaanza kutoa michoro ya aina ileile, na mwaka 1902 Cartailhac akaandika makala ya kukiri kosa lake, ndipo akaenda Altamira. María alikuwa mtu mzima, akayashuhudia. Vilanova alikuwa na miaka tisa kaburini.

Kwenye andalio langu la somo nimemwingiza, mstari mmoja, chini ya jina la Sautuola. Msimamizi wangu wa mazoezi alilipigia duara kwa kalamu, akauliza huyu ni nani.