Bibi Katharina Luther na Mlango wa Nyumba Yake

Wapendwa, sikukuu ya Kuzaliwa kwake Bwana hutujia wakati wa mvua. Huku Kilosa majembe yamekwisha kushikwa, na mahindi ya mwaka uliopita yamepungua ghalani. Huko Mikumi, kwenye njia kuu iendayo Iringa, wasafiri hupita mchana na usiku wakienda kwa jamaa zao. Ndio wakati ambao kila nyumba hujihesabia: tuna nini, nasi tu wangapi? Na mtu mwenye hesabu hiyo moyoni hapendi kusikia hodi mlangoni.

Walakini twakumbuka mwisho wa mwezi wa Desemba 2009. Katika siku zile za Noeli mto wa Mkondoa ulifurika, ukavunja tuta lililoukinga mji, maji yakaingia Kilosa, yakaharibu nyumba na mashamba, yakaikata reli ya kati. Maelfu ya watu walitoka majumbani mwao. Wengine walikaa katika mahema, wengine walipokewa na ndugu na jirani. Aliyekuwa amehesabu sahani zake jana yake, leo aliona watu wamesimama uani pake na nguo zilizolowa. Hapo hesabu ya jana haikufaa tena.

Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema kuwasimulia maisha ya mama mmoja ambaye mlango wake ulipigwa hodi miaka mingi. Mumewe twamjua sote, ndiye Dr. Martin Luther, ambaye Katekisimu yake Ndogo twaifundisha kwa watoto wetu. Lakini mkewe twamjua kidogo tu, ingawa wengi waliosifu ukarimu wa nyumba ile walikula mkate alioutafuta yeye. Naye alikufa siku tano kabla ya Noeli.

Katharina von Bora alizaliwa tarehe 29 Januari 1499 katika nchi ya Saksonia, Ujerumani. Ukoo wake ulikuwa wa heshima, walakini mali yao ilikuwa chache. Mama yake alikufa yeye angali mtoto mdogo, na baba yake akampeleka kulelewa kwa watawa. Baadaye alihamishiwa nyumba ya watawa ya Nimbschen, na huko mwaka 1515 akaweka nadhiri ya kukaa utawani siku zote za maisha yake. Njia hiyo hakuichagua mwenyewe. Wakubwa wake walimchagulia.

Hata habari za mafundisho ya Luther zikafika nyuma ya kuta zile. Katharina na wenzake wakatamani kutoka, lakini haikuwa rahisi, kwa kuwa sheria ilimwadhibu vikali mtu amtoaye mtawa utawani. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa mji wa Torgau, jina lake Leonhard Koppe, aliyezoea kupeleka vyakula utawani, akaja na gari lake la farasi usiku wa Pasaka mwaka 1523, akawachukua watawa 12. Masimulizi ya watu husema kwamba walijificha kati ya mapipa ya samaki. Tisa kati yao wakafika Wittenberg, hawana fedha, wala hawana pa kwenda.

Basi ni nani aliyewapokea? Ni wenyeji wa mji, kila mmoja katika nyumba yake. Katharina alikaa miaka miwili kwa watu, na nyumba mojawapo ilikuwa ya mchoraji Lucas Cranach na mkewe Barbara. Na tulishike neno hili tangu mwanzo: kabla hajapokea wageni, Katharina mwenyewe alikuwa mgeni aliyepokewa.

Tarehe 13 Juni 1525 aliolewa na Luther. Yeye alikuwa na miaka 26, mumewe 41. Wakakaa katika monasteri ya Wittenberg, ambayo watawa wake walikuwa wamekwisha kuondoka. Ilikuwa nyumba kubwa yenye vyumba vingi, lakini imechakaa. Mwaka 1532 Mkuu wa Saksonia akawapa nyumba ile iwe mali yao.

Hawajamaliza miaka mitatu ya ndoa, wakajaribiwa. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kikahamishiwa Jena, waalimu na wanafunzi wakaenda zao. Mkuu wa nchi akamwagiza Luther naye aondoke, lakini akakaa, maana aliona mchungaji hana ruhusa kuwaacha wagonjwa wake. Hata aliandika kitabu kidogo juu ya swali hili, kama yampasa Mkristo kuukimbia ugonjwa wa kufisha. Kitabu hicho husifiwa hata leo. Walakini aliyekaa si yeye peke yake. Katharina alikuwa mjamzito, na mwana wao wa kwanza, Hans, alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Wagonjwa wakaingizwa vyumbani, na nyumba ikawa kama hospitali. Hans naye akaugua. Mke wa shemasi mmoja wa mji alikufa kwa tauni wakati wa kujifungua, naye Katharina alikuwa akizikaribia siku zake.

Tarehe 10 Desemba 1527 akajifungua binti, wakamwita Elisabeth. Tauni ilikuwa ikipungua. Noeli ikawakuta wazazi wenye mtoto wa wiki mbili katika nyumba iliyojaa harufu ya dawa na kilio cha majirani waliofiwa. Tukisoma sura ya pili ya Luka twaona ya kuwa Noeli ya namna hiyo haikuwa pungufu, maana Bwana naye alilazwa mahali palipopatikana. Lakini tusiseme kwamba nyumba ile ililindwa na kila msiba kwa sababu iliwafungulia wagonjwa. Elisabeth alikufa tarehe 3 Agosti 1528, hajatimiza mwaka. Katharina akamzika mtoto wake, wala hakuufunga mlango.

Miaka ikapita, watoto wakaongezeka: Magdalena, Martin, Paul na Margarete. Na pamoja na hao waliletwa watoto wa ndugu za Luther waliokufa, wakalelewa kama wa nyumbani. Shangazi yake Katharina naye alikaa humo mpaka kufa kwake. Tena walikuwapo wanafunzi waliopanga vyumba, wachungaji waliofukuzwa katika nchi zao, wageni waliotoka mbali, na maskini waliojua kwamba Luther hajui kusema hapana. Kwa kweli Luther hakuchukua malipo kwa vitabu vyake, na alipokosa fedha za kumpa mwenye shida, alitoa hata kikombe cha fedha alichopewa zawadi.

Hapo ndipo twafika kwenye jambo ambalo tungependa kina baba walisome mara mbili. Kikombe hutolewa kwa mkono mmoja na mara moja. Lakini chakula hutakiwa asubuhi na jioni kila siku. Ni nani aliyekitafuta? Katharina aliamka kabla ya mapambazuko. Alilima bustani, alifuga ng'ombe, nguruwe na kuku, alikuwa na bwawa la samaki, tena alitengeneza pombe ya shayiri, ambayo ndiyo kinywaji cha kila siku katika nchi ile wakati ule. Alisimamia watumishi, alitengeneza nyumba, alitoza wanafunzi kodi ya vyumba. Mwaka 1540 walipata shamba la Zülsdorf, lililokuwa la ndugu yake, naye akalisimamia mwenyewe ingawa lilikuwa mbali, safari ya siku mbili hivi kwa gari. Luther alipougua, yeye ndiye aliyemtunza.

Na malipo yake? Baadhi ya watu wa mji walimnena kuwa ni mwenye kiburi na mwenye kupenda fedha, kwa sababu alihesabu. Sifa za ukarimu zikamwendea mume aliyetoa bila kuhesabu. Lakini kama Katharina asingalihesabu, mumewe angalitoa nini? Tusiwe wepesi kumwita mama bahili kwa kuwa apima unga. Huenda apima ili wa jirani naye apate.

Katika nyumba hiyo iliyojaa watoto ndimo Luther alimotunga wimbo wake wa Noeli juu ya malaika ashukaye kutoka mbinguni na habari njema. Ulichapishwa mwaka 1535, na husimuliwa kwamba aliutunga kwa ajili ya watoto wake mwenyewe. Wimbo huo umevuka bahari na kuimbwa katika lugha nyingi. Tukiusikia, tusidhani ulitungwa katika ukimya. Ulitoka katika nyumba ambamo mtoto wa kuzaliwa na mtoto wa kupokelewa waliimba pamoja, wala hakuulizwa mtu ni wa nani.

Tarehe 20 Septemba 1542 Magdalena akafa, mwenye miaka 13. Wazazi walihuzunika sana. Na tarehe 18 Februari 1546 Luther mwenyewe akafa katika mji wa Eisleben, mkewe hayupo.

Sasa sikilizeni mambo yaliyompata mjane. Luther alikuwa ameandika wosia kwamba mali yote iwe ya Katharina, lakini haukufuata taratibu za sheria ya Saksonia, ambayo haikumpa mke nafasi hiyo. Kwa hiyo alisumbuka sana juu ya urithi na juu ya watoto wake. Mwaka ule ule vita vikatokea. Yeye aliyewapokea wakimbizi akawa mkimbizi, akaenda Magdeburg pamoja na watoto. Akarudi, akakimbia tena mwaka 1547. Aliporudi mara ya pili aliona mashamba yameharibiwa na mifugo haipo. Akamwandikia Mfalme Christian wa Tatu wa Denmark kuomba msaada, naye hakuona haya kuomba, kwa kuwa alikuwa na watoto wa kulisha. Akapanga tena wanafunzi vyumbani, akaanza upya akiwa amekaribia miaka 50.

Mwaka 1552 tauni ikarudi Wittenberg. Katharina akaondoka na watoto wake Paul na Margarete kwenda Torgau, mji ule ule wa Koppe, aliyemtoa utawani siku za ujana wake. Walipokaribia mji, farasi walishtuka wakaenda mbio. Katharina akaruka kutoka garini, akaanguka vibaya katika mtaro wenye maji ya baridi. Akachukuliwa Torgau, akalala kitandani kama miezi mitatu, katika nyumba isiyo yake, akitunzwa na watoto wake na watu wa mji. Tarehe 20 Desemba 1552 akafa, umri wake miaka 53. Akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Maria huko Torgau, na kaburi lake lipo hata leo.

Basi maisha yake yalianza kwa kupokewa katika nyumba ya watu, yakaisha vivyo hivyo. Na katikati, kwa muda wa miaka zaidi ya 20, yeye ndiye aliyepokea. Hili ndilo tulilotaka mlione. Mara nyingi twadhani kwamba duniani wako watu wa kutoa na watu wa kupewa, nasi tu miongoni mwa wale wa kwanza. Mkondoa ulituonyesha Kilosa ya kuwa sivyo. Usiku mmoja watosha kumgeuza mwenye nyumba kuwa mgeni.

Noeli hii, kila jamaa na ikae pamoja kabla ya sikukuu, baba na mama na watoto, wafikiri ni nani wa kumwendea. Wakamtaje mjane ambaye paa lake lavuja. Wamkumbuke mgonjwa asiyeweza kufika kanisani, na mtoto yatima ambaye hana nguo ya sikukuu. Huko Mikumi wamfikirie msafiri ambaye gari lake limeharibika njiani usiku wa Noeli. Tena wasipite nyumba ya mtu wa kabila jingine au wa dini nyingine. Wilaya yetu imeona damu ikimwagika kati ya wakulima na wafugaji, kama huko Rudewa Mbuyuni mwezi wa Desemba 2000, ambapo watu wengi waliuawa. Sahani ya chakula itokayo kwa mkulima kwenda kwa mfugaji, au kibuyu cha maziwa kitokacho kwa mfugaji kuja kwa mkulima, yaweza kufanya kazi ambayo mikutano mingi haikuiweza.

Waalimu wa katekisimu, watumeni watoto wapeleke vitu hivyo kwa mikono yao wenyewe, ili wajifunze njia ya kufika nyumba ya jirani wangali wadogo. Na kina baba, kabla hamjamwalika mgeni, mwulizeni mama wa nyumba kiasi cha unga kilichopo, kisha mchukueni jembe mkamsaidie. Mwenye kuleta wageni na aongeze pia kuni.

Bwana aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni na atukute milango yetu i wazi.