Sheikh Amri Abedi: meya aliyelelewa na vikundi

Wapenzi wa mpira, jina hili mmelisikia mara nyingi. Mechi ikichezwa Arusha, mtangazaji husema yuko moja kwa moja kutoka Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Lakini ukiuliza kijiweni huyo sheikh alikuwa nani, utapata majibu ya kubahatisha: labda mchezaji wa zamani, labda tajiri aliyetoa kiwanja.

Hakuwa mchezaji, na wala hakuzaliwa Arusha. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Alikuwa mshairi, mwalimu wa dini, kisha waziri. Alifariki akiwa na miaka 40 tu.

Tumeamua kuandika habari zake kwa sababu ya jambo linalorudi kila tunapofanya kipindi kuhusu vikundi: vya kuweka na kukopa, vya kufa na kuzikana, kwaya, timu za kata. Wasikilizaji wanasema kiongozi huonekana kwenye kikundi wakati wa kampeni. Anakuja na jezi, mpira mmoja na bahasha, anapigwa picha, anaondoka. Je, amewahi kuwepo kiongozi wa mji ambaye kikundi kilikuwa chuo chake kabla hajawa mkubwa? Maisha ya Sheikh Amri yanatusaidia kujibu.

Mtoto wa Ujiji

Ujiji ni mji wa zamani kando ya Ziwa Tanganyika. Ndiko ilikoishia njia ya misafara iliyotoka pwani, ikipita Tabora. Watu wake walitoka pande zote mbili za ziwa, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mtoto aliyekulia pale alijifunza mapema kwamba jirani yako anaweza kuwa na asili tofauti na yako na bado mkazikana.

Kijana Amri alisoma nyumbani, kisha Tabora. Huko alikutana na Sheikh Mubarak Ahmad, mwalimu wa jumuiya ya Ahmadiyya aliyetoka India. Akajiunga na jumuiya hiyo na baadaye akawa mmoja wa walimu wake.

Hapa tusimame kidogo. Waahmadiyya walikuwa wachache sana, na Waislamu wengi wa nchi hii hawakukubaliana nao, wengine kwa ukali. Hatuingii katika mjadala huo wa dini, kwa kuwa una wenyewe. Tunachotaka msikilizaji akione ni kwamba Amri alianza maisha ya utu uzima katika kundi dogo lisilopendwa na wengi. Mtu wa namna hiyo hawezi kutegemea wingi wa watu wake. Inabidi ajue kueleza jambo, kusikiliza anayempinga, na kuishi vizuri na jirani asiyekubaliana naye.

Katika jumuiya hiyo alifanya kazi kubwa. Tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili iliyotolewa na Waahmadiyya mwaka 1953 ilifanywa chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, na Amri alikuwa msaidizi wake mkubwa. Ilikuwa tafsiri ya kwanza ya Qurani nzima kwa Kiswahili kutolewa na jumuiya ya Kiislamu, kwani iliyotangulia, ya mwaka 1923, ilifanywa na padri Mwingereza, Godfrey Dale. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Neno moja linaweza kubishaniwa siku nzima. Unaandika, mwenzako anafuta, mnaanza upya. Kisha, katikati ya miaka ya 1950, alikwenda Rabwah, Pakistan, kusomea dini zaidi.

Darasa la washairi

Jumuiya ya pili iliyomlea Sheikh Amri ilikuwa ya washairi. Katika miaka hiyo magazeti kama Mambo Leo yalikuwa na kurasa za mashairi. Mtu wa Tanga alitoa swali kwa shairi, wa Dodoma akamjibu, wa Kigoma akawasahihisha wote wawili. Wengi hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini walifahamiana kwa kalamu.

Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sehemu ya kwanza inafundisha utunzi, ya pili ni mashairi yake mwenyewe. Alieleza kwa utaratibu mambo ambayo wazee walikuwa wakiyafanya kwa mazoea: ubeti una mishororo mingapi, vina vikae wapi, mizani zihesabiwe vipi. Katika shairi la kawaida la mishororo minne, kila mshororo huwa na mizani 16, nane kabla ya kituo na nane baada yake. Ukipunguza moja, anayeimba atajikwaa na kila mtu atasikia.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu kabla ya hapo, asiyekuwa na mwalimu wa karibu alibaki nje. Kanuni zikishaandikwa, kijana wa kijijini mwenye kitabu mkononi anaweza kujipima mwenyewe, na anaweza hata kumwambia mkubwa kwamba mshororo wake umepungua. Kila mwanakikundi anajua hali hiyo. Katiba ya kikundi ikiwa kichwani mwa mwenyekiti peke yake, mwenyekiti ndiye katiba.

Mwaka 1959 washairi walipata chama chao, Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi, kilichojulikana kwa kifupi kama UKUTA. Sheikh Amri alikuwa mmoja wa nguzo zake. Humo Mwislamu na Mkristo, mtu wa pwani na mtu wa bara, walikaa pamoja kwa sababu ya lugha. Mathias Mnyampala, Mkristo kutoka Dodoma, alikuwa mshairi mwenzake katika chama hicho.

Mji uliojaa vyama

Sasa tuangalie Dar es Salaam aliyokuja kuiongoza. Wakoloni waliigawa kwa rangi: Wazungu pwani kwenye upepo, Wahindi katikati penye maduka, Waafrika Kariakoo, Ilala na mitaa ya nyuma. Waafrika hawakuwa na sauti kubwa katika baraza la mji, lakini walikuwa na vyama. Chama cha Waafrika, African Association, kilianza mwaka 1929. Klabu ya Young Africans ni ya mwaka 1935, na Sunderland, ambayo leo ni Simba, ya mwaka 1936. Kulikuwa na vikundi vya taarabu kama Egyptian na Al Watan, na vikundi vya ngoma vya akina mama karibu kila mtaa.

TANU ilipozaliwa mwaka 1954, vikundi hivyo ndivyo vilivyoibeba. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kabla hajawa mwanasiasa. Mwaka 1955 alipotafuta wanachama wanawake, alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaita watu wao. Walioleta wanachama wapya ni watu waliokuwa tayari wakichangiana, wakiaminiana na kutunza daftari la michango.

Katika mji huo, mwaka 1960, Sheikh Amri Abedi alichaguliwa kuwa meya. Kama ilivyo leo, meya alichaguliwa na madiwani wenzake. Kwa hiyo ilimpasa akubalike ndani ya baraza lenye watu wa rangi na dini mbalimbali, yeye akiwa mfuasi wa kundi dogo la Waislamu. Kwamba walimchagua inatuambia kitu. Walikuwa wanamjua kwa kazi, lugha yake na adabu yake katika kikao, kabla ya kuulizana anaswali msikiti gani.

Kiti alichokikalia kilikuwa na maana kubwa kuliko kuvaa joho. Kwa miaka mingi Mwafrika wa Dar es Salaam aliona ofisi ya mji kama mahali pa kudaiwa kodi na kufukuzwa. Sasa aliyekaa mbele alikuwa mtoto wa Ujiji anayeandika mashairi kwa lugha ya sokoni Kariakoo. Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Dar es Salaam ikapewa hadhi ya jiji.

Kutoka umeya hadi uwaziri

Baada ya uhuru Sheikh Amri alipelekwa kuongoza Mkoa wa Magharibi, makao yake Tabora, mji wa masomo yake. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964, baada ya Muungano, akapewa wizara ya maendeleo ya jamii na utamaduni. Ukiangalia maisha yake, hiyo ndiyo wizara iliyomfaa. Ilihusu vikundi vya kujitolea, madarasa ya watu wazima, ngoma, lugha.

Lakini makala haya yasingekuwa ya haki kama tungenyamazia upande mwingine. Miaka hiyohiyo serikali ilianza kuvivuta vyama karibu nayo. Mapema mwaka 1964, baada ya uasi wa wanajeshi, vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa na kikaundwa kimoja, NUTA, kilichofungamana na TANU. Sheikh Amri alikuwa ndani ya baraza la mawaziri wakati huo. Serikali iliona nchi changa inahitaji umoja. Waliopoteza vyama vyao waliona wamenyang'anywa sauti.

Jambo hili linavigusa vikundi hadi leo. Kikundi kikikua, serikali hukiona. Ikikisaidia, kinapata mkopo na mafunzo. Ikikishika sana, wanachama huacha kukiona kuwa ni chao. Mtu aliyelelewa na vyama vilivyojiendesha vyenyewe, sasa akiwa waziri anayesimamia vyama vya wengine, alikuwa amesimama hasa kwenye mpaka huo. Hakupata muda wa kutuonyesha angeuvukaje. Oktoba 1964 alifariki huko Bonn, Ujerumani Magharibi.

Alichoacha

Kiwanja cha Arusha kinabeba jina lake, lakini urithi wake mwingine uko vinywani mwa watu. Mnyampala na wenzake waliendeleza UKUTA, na katika miaka ya Ujamaa ngonjera zikaenea shuleni na kwenye mikutano. Wazazi wenu wengi walipanda jukwaani wakiwa wanafunzi kughani ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Na vijana wa vyuo vikuu walipoanza kuandika mashairi yasiyo na vina, katika miaka ya 1970, waliowapinga walishika kitabu cha Sheikh Amri kama ngao. Miaka mingi baada ya kifo chake bado alikuwa katikati ya mabishano, jambo ambalo mshairi hawezi kulichukia.

Turudi kwenye swali la wasikilizaji. Sheikh Amri hakwenda kwenye vikundi kutafuta umeya. Alikuwa mwanachama kwa miaka, akihesabu mizani na kukubali kusahihishwa, na umeya ukamkuta huko. Wakati wa kuchagua diwani au mwenyekiti wa kijiji ukifika, msihesabu jezi alizoleta. Ulizeni alikuwa kikundi gani kabla ya kugombea. Alilipa michango yake kwa wakati? Alipokosolewa kwenye kikao, alifanya nini? Wanaokaa naye kwenye mkeka wanayo majibu, na daftari la kikundi lina mengine.