Mateke Mawili ya Mwepu Ilunga

Hapa Bukavu mfuasi wa Muungano na mfuasi wa Dawa hupatana kwa mambo machache, na moja ni kwamba mchezaji wa Mazembe hasifiwi bure. Ndiyo sababu Mwepu Ilunga, beki aliyefariki Kinshasa tarehe 8 Mei 2015, bado anahukumiwa kwenye viti vya uwanja wa Concorde huko Kadutu na kwenye nganda za mjini, kana kwamba atashuka uwanjani tena Jumapili ijayo. Nimeisikiliza kesi hiyo kwa miaka mingi. Ina pande tatu, na kila upande una neno lake: kwa wengine alichofanya ni bujinga, kwa wengine ni kichwa nguvu, kwa wengine ni mayele. Wanaobishana wengi hawakuwa wamezaliwa mwaka 1974. Wameona video ya sekunde chache kwenye simu, na inawatosha.

Video yenyewe ni hii. Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Zaire inacheza na Brazil katika Kombe la Dunia. Mchezo unakaribia mwisho. Brazil wamepewa mpira wa adhabu karibu na lango la Zaire, na Rivellino, ambaye mguu wake wa kushoto uliogopwa na makipa wa dunia nzima, yuko karibu. Wazaire wamepanga ukuta. Mwamuzi Nicolae Rainea wa Rumania anapuliza filimbi. Kabla Mbrazil yeyote hajaugusa mpira, beki mwenye namba 2 anachomoka ukutani, anakimbia mbele na kuupiga teke hadi mbali. Wabrazil wanashangaa. Rainea anatoa kadi ya njano. Mtangazaji mmoja wa Uingereza aliueleza ulimwengu kwamba huo ni ujinga wa Kiafrika, na ulimwengu ukacheka kwa miaka 28 kabla ya kumuuliza mwenyewe.

Sisi tunaosoma lugha tusiliache neno hilo lipite hivihivi. Katika Kiswahili sanifu mjinga ni mtu asiyejua, na mpumbavu ni mtu mwenye akili pungufu; hayo ni mawili. Bujinga ya Bukavu imeyameza yote mawili, na wakati mwingine hata utani. Anayesema hapa kwamba Mwepu alifanya bujinga huenda anamaanisha tu kwamba alifanya kioja. Mtangazaji yule alimaanisha kutojua, tena kutojua kwa bara zima. Basi swali la kwanza linajibika kwa tarehe na matokeo: je, alikuwa mtu asiyejua?

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1949, akabatizwa jina la Joseph. Klabu yake ilikuwa ile ya Lubumbashi iliyoitwa Tout Puissant Englebert, Englebert likiwa jina la kampuni ya matairi. Klabu hiyo ilichukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968, na ikafika fainali mwaka 1969 na 1970. Fainali nne mfululizo. Baadaye ikaja siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye uhalisi wa Kiafrika: nchi ikawa Zaire mwaka 1971, majina ya ubatizo yakafutwa, Englebert ikawa Mazembe na Joseph akabaki Mwepu Ilunga. Desemba 1973 Zaire iliifunga Morocco 3-0 mjini Kinshasa na kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kwenda Kombe la Dunia. Machi 1974, mjini Cairo, ikachukua Kombe la Mataifa ya Afrika: fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale, rekodi ambayo haijavunjwa.

Beki wa timu bingwa ya Afrika hakuwa anahitaji kufundishwa kwamba mpira wa adhabu hupigwa na aliyepewa. Mimi ni mfuasi wa Muungano, sina deni kwa Mazembe, lakini upande wa bujinga nauondoa mezani hapa.

Kilichotokea Ujerumani kilianza kwenye mifuko. Baada ya ushindi wa Cairo, Mobutu aliwapa wachezaji nyumba na magari, nao wakaenda Kombe la Dunia wakiamini fedha zaidi zinakuja. Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni mjini Dortmund, walifungwa na Scotland 2-0, na hakuna aliyewacheka. Kisha, kwa maelezo ya wachezaji wenyewe, wakapata habari kwamba hawatalipwa. Fedha zilikuwa zimeishia kwa wakubwa waliofuatana nao. Walitishia kutoingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia. Waliingia, lakini mioyo ilibaki hotelini. Tarehe 18 Juni walifungwa 9-0, huku kocha wao, Blagoje Vidinić, akiwa Myugoslavia, jambo lililozaa uvumi ambao wazee wengine hawajauacha hadi leo. (Miezi minne baadaye Mobutu aliwaleta Muhammad Ali na George Foreman Kinshasa kwa mamilioni ya dola. Fedha hazikuwa zimekosekana nchini.)

Teke lingine la Mwepu lilipigwa katika mechi hiyo ya Yugoslavia, na halisemwi sana katika ubishi wetu. Mabao yalikuwa matatu na dakika hazijafika 25. Kipa Kazadi Mwamba alitolewa, akaingia Tubilandu Ndimbi. Wazaire walimzunguka mwamuzi Omar Delgado wa Kolombia kwa hasira, na katika msongamano ule mguu mmoja ukampata mwamuzi kwa nyuma. Mguu ulikuwa wa Mwepu, namba 2. Delgado aligeuka, akamtolea kadi nyekundu namba 13. Huyo alikuwa Ndaye Mulamba.

Ilikuwa mojawapo ya kadi nyekundu za kwanza katika historia ya Kombe la Dunia. Ndaye alikataa, akalalamika, lakini kadi ilikuwa imeshatoka. Mfungaji bora wa Afrika alitoka nje kwa kosa la mwenzake, timu ikabaki pungufu kwa zaidi ya saa nzima, na siku nne baadaye Zaire iliikabili Brazil bila yeye.

Kati ya mechi hizo mbili, kama Mwepu alivyosimulia uzeeni, walinzi wa Mobutu walikuja hotelini, wakafukuza waandishi wa habari na kuwaambia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu hakuna atakayerudi nyumbani. Brazil nao walihitaji ushindi wa mabao matatu ili kusonga mbele badala ya Scotland. Yaani timu moja ilitaka tatu, nyingine iliogopa nne. Mechi iliisha 3-0.

Sasa turudi kwenye ule mpira wa adhabu. Mwaka 2002, alipohojiwa na BBC, Mwepu alisema alijua sheria vizuri na alifanya makusudi. Hakuona kwa nini aumie uwanjani wakati watakaofaidika wameketi jukwaani. Wapenzi wake hulishika jibu hilo, pamoja na lile tishio la hotelini, na kulijenga juu kabisa: mayele, wanasema, alipoteza dakika na kuokoa maisha ya timu, tena alimpinga Mobutu mbele ya dunia. Ninawaelewa. Ni simulizi tamu, hasa kwetu tuliolelewa na wazazi waliomwogopa Mobutu hata ndani ya chumba. Lakini inasafisha mno. Hasira ya fedha na hofu ya bao la nne ni mambo mawili, na mtu aliyechoka anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja bila kuwa na mpango wowote.

Anayetaka kusema tabia ya Mwepu ayaweke mateke yote mawili pamoja. Mtu aliyeupiga mpira wa Brazil ndiye aliyempiga Delgado siku nne kabla. Moto ni uleule, chanzo kilekile, wakubwa walewale jukwaani. Ila teke la mpira liligharimu kadi ya njano na kicheko, na kicheko hicho alikibeba mwenyewe hadi kaburini. Teke la mwamuzi lilibebwa na Ndaye. Wanaomwita Mwepu shujaa hawalitaji, na wanaomwita mjinga hawalijui, kwa sababu halichekeshi na halimo kwenye ile video.

Kwa hiyo kati ya maneno matatu ya Bukavu mimi nachukua kichwa nguvu, nikijua kwamba kwetu neno hilo ni lawama na sifa kwa pamoja: mama humwambia hivyo mtoto anayekataa kutumwa, na jirani humwambia hivyo mtu aliyekataa kutoa hongo. Mashabiki wa Mazembe watasema nimemwonea. Wa kwetu watasema nimempamba. Vijana wa leo watanitajia Robert Kidiaba, aliyeruka kwa makalio mbele ya dunia mwaka 2010 Mazembe ilipofika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, wakisema watu wa Lubumbashi wote ni walewale. Kidiaba alikuwa anashangilia, hiyo ni kesi nyingine.

Mwepu alizeeka Kinshasa akilalamika kwamba mpira haukumpa chochote. Ndaye alikimbilia Afrika Kusini, na mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama kimya kumwombolezea kwa kuwa ilitangazwa kwamba amekufa mgodini Angola. Alikuwa hai. Aliishi hadi Januari 2019, karibu miaka minne baada ya Mwepu, na kwenye rekodi ya mechi ya Gelsenkirchen kadi ile nyekundu bado imeandikwa kwa jina lake.