Profesa Smith na Samaki Aliyedhaniwa Ametoweka



Tangu mwaka wa 2004 wavuvi wa Kigombe na sehemu nyingine za pwani yetu ya Tanga wamepata kumnasa katika jarife samaki mzito wa rangi ya buluu, mwenye madoa meupe, na mapezi yake yana mashina ya nyama kama mikono. Ndiye silikanti, ambaye mwaka wa 2009 serikali ilimtengea hifadhi ya bahari. Aliyemtambulisha kwa ulimwengu ni James Leonard Brierley Smith.

Alizaliwa mwaka wa 1897 huko Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliletwa Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani, akapata maradhi yaliyomdhoofisha kwa miaka mingi. Baadaye alifundisha kemia katika chuo cha Grahamstown. Mambo ya samaki alijifunza mwenyewe, saa za mapumziko.

Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, binti aliyetunza makumbusho ya East London, aliona samaki wa ajabu aliyeletwa na meli ya uvuvi. Akamchora, akampelekea Smith barua. Smith alipoutazama mchoro alishindwa kuamini. Jamii ile ya samaki ilijulikana kwa visukuku tu, yaani mifupa iliyogeuka mawe, na ilidhaniwa imekwisha tangu miaka kama milioni 66 iliyopita. Kama angekosea, wataalamu wangemcheka: mwalimu wa kemia anajitia kujua samaki! Februari 1939 alimwona kwa macho yake, akamwita Latimeria kwa heshima ya binti yule. Lakini matumbo yalikuwa yameoza na kutupwa, basi ikabidi kutafuta mwingine.

Alitafuta miaka 14. Yeye na mkewe Margaret walifika mpaka Zanzibar na Pemba, na karatasi zenye picha ya samaki zikagawanywa, pamoja na ahadi ya pauni 100. Desemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua mmoja huko Anjouan, Komoro, akampeleka sokoni. Aliyemtambua kwa ile picha ni mwalimu wa shule, Affane Mohamed. (Mnaona, walimu tuna faida yetu.) Smith alipopata simu ya maandishi alimwomba Waziri Mkuu Malan ndege ya jeshi, akaenda. Alipomwona samaki alipiga magoti, akalia.

Hata hivyo alikosea. Samaki yule alikosa pezi moja la mgongoni, Smith akadhani ni aina nyingine, akampa jina la Malan. Kumbe pezi lilikuwa limepotea tu. Tena leo yajulikana kwamba kamongo wa Ziwa Viktoria yu karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu kuliko silikanti.

Nami nilikosea. Miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba silikanti hakubadilika hata kidogo. Sivyo. Watoto wa kiumbe hawafanani wote. Wenye tofauti ndogo inayowafaa mahali walipo hupona na kuzaa zaidi, na tofauti ile huenea kizazi baada ya kizazi, pengine upesi, pengine polepole sana. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotolewa mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba za silikanti zimebadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu, lakini zimebadilika. Wala mifupa yake si sawasawa na ile ya visukuku. (Wako wanaoniuliza baada ya Ibada kama haya yapingana na kitabu cha Mwanzo. Hilo namwachia Padre.)

Uchunguzi wa magamba wa mwaka wa 2021 waonyesha kwamba huishi miaka kama 100, na mimba yake hukaa miaka kama 5. Basi jike mmoja akinaswa katika jarife, pengo lake halizibwi upesi.

Smith alifariki mwaka wa 1968, na Margaret akaendeleza kazi yake. Hakupata kujua kwamba samaki aliyemfuata mpaka Komoro yupo pia hapa, mbele ya Kigombe.