Gregory, Mzungu Aliyelipa Bonde la Ufa Jina Lake

Ukurasa huu umezoea kuwapa wasomaji maisha ya masheikh na malenga. Leo nawaletea Mzungu, kwani alitoka Mombasa kwa miguu pamoja na wapagazi wa kwetu pwani, na aliyoyaona huko bara yanamhusu kila ajengaye nyumba.

John Walter Gregory alizaliwa London mwaka 1864, baba yake mfanyabiashara wa sufi. Alipotimiza miaka 15 aliacha shule akaingia katika biashara hiyo hiyo, na jioni akijisomea elimu ya maumbile. Safari iliyomleta Afrika mwaka 1892 ilivunjika mapema. Wengine walirudi kwao, yeye akakusanya wapagazi wapatao 40 na mwaka 1893 akashika njia hadi Baringo, kisha akaupanda Mlima Kenya mpaka kwenye barafu.

Huko Baringo alizikagua kuta za bonde tabaka kwa tabaka. Akakata shauri kwamba bonde lile halikuchimbwa na mto: ardhi yenyewe imedidimia baina ya nyufa. Kitabu chake cha mwaka 1896 ndicho kilicholieneza jina la Bonde la Ufa. Baadaye alisomesha Melbourne, kisha Glasgow, na mwaka 1919 akarudi kulitazama tena. Hakuwa malaika, mwaka 1925 alitoa kitabu cha kutaka watu watengwe kwa rangi zao, na hilo simsifu.

Tarehe 6 Januari 1928, yeye yu hai, zilizala ikapiga Subukia, na ardhi ikapasuka yapata kilomita 38. Ufa ulikuwa haujalala. Miaka minne baadaye Gregory alikufa maji katika mto Urubamba, nchini Peru.

Baada yake, mwaka 1966, tetemeko la Toro, Uganda, liliua watu zaidi ya 150. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, na nyumba nyingi za matofali zikaporomoka.

Nayaandika haya nikiwa Kisian, magharibi ya Kisumu, penye njia panda ya Busia na Bondo. Ghuba ya Winam iliyo mbele yangu imelala ndani ya tawi la bonde lile lile. Hapa, kama kwetu, nyumba ya fito na udongo inaonewa haya. Lakini nyumba hiyo ni nyepesi na imefungwa kwa kamba. Ardhi ikitikisika nayo huyumba, udongo ukabanduka, na wenyewe wakatoka, maadamu mchwa hawajazila nguzo. Ukuta wa matofali yaliyoshikwa kwa udongo mtupu hauyumbi. Huachana pembeni, ukaangusha paa juu ya waliolala.

Simwambii mtu arudi kwenye fito. Matofali yapishane vyema pembeni, milango na madirisha yasikaribie pembe, paa lifungwe ukutani, na juu ya milango upite mkanda mmoja wa zege na nondo kuizunguka nyumba nzima. Asiyeweza zege atumie mbao zilizoungwa barabara.

Nilimwuliza fundi mmoja wa hapa kwa nini hauweki mkanda huo. Alinijibu kwamba anaujua, ila wenye nyumba humwambia fedha hizo azitie katika rangi ya mbele.