Onyango Dunde: Nabii wa ziwani aliyetabiri alichokitamani

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, hawakosekani wanajimu na watabiri wanaojitokeza kumtaja mshindi kabla ya kura kupigwa. Si ajabu jina wanalolitaja likawa la mwanasiasa wanayempenda au anayetoka kwao. Matokeo yanapokuwa kinyume, hunyamaza au hutafuta kisingizio. Maradhi haya ya kuyafanya matamanio kuwa utabiri si mageni katika eneo la Nyanza.

Mwaka 1913, mtu mmoja aliyeitwa Onyango Dunde, wa ukoo wa Seje katika eneo la Alego ambalo leo limo katika Kaunti ya Siaya, alitangaza habari iliyowashangaza wengi. Alisimulia kwamba jioni moja, akiwa ameketi nyumbani mwake, nyoka mkubwa mno alitoka katika Ziwa Victoria, akammeza, kisha akamtapika akiwa mzima. Nyoka huyo alijitambulisha kuwa Mumbo, mungu mwenye makao ziwani na katika jua, na akamteua Onyango kuwa msemaji wake.

Ujumbe alioutoa ulikuwa wa kidini, lakini kiini chake kilikuwa siasa. Wafuasi walitakiwa kuachana na dini ya wamishonari na mavazi yao, wavae ngozi, wasinyoe nywele na watoe kafara za mifugo. Hawakuwa na haja ya kuhangaika na jembe, kwa kuwa ng'ombe, kondoo na mbuzi wangetoka ziwani kuwatosheleza. Juu ya yote, Wazungu walikuwa adui, na siku ya kutoweka kwao nchini ilikuwa imekaribia.

Haikuwa vigumu kuelewa kwa nini maneno hayo yaliwaingia watu. Utawala wa Uingereza ulikuwa umeleta kodi ya nyumba, kazi za kulazimishwa na machifu waliopata nguvu zao kutoka kwa mkuu wa wilaya. Kusini mwa Nyanza, kumbukumbu za Wagusii waliouawa katika misafara ya kijeshi ya mwaka 1905 na 1908 zilikuwa bado mbichi. Mtabiri na wasikilizaji wake waliuguza kidonda kimoja. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuuliza kama ameiona kesho kweli, au ameutazama moyo wake mwenyewe.

Imani ya Mumbo ilivuka hadi Nyanza Kusini. Mosi Auma aliipeleka Kabondo, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, na kutoka huko ikaenea hadi Ugusii.

Kisha likatokea tukio lililoonekana kuuthibitisha utabiri. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanganyika walivuka mpaka. Mwezi wa Septemba, vita vilifika katika Ghuba ya Karungu, mahali ulipo mji wa Sori, Kaunti ya Migori. Karungu palikuwa mahali mashuhuri, kwani ndipo Waingereza walipofungua kituo chao mwaka 1903 kabla ya kuhamia Kisii mwaka 1907. Katika maji hayo, meli ya Waingereza iliyoitwa Winifred ilikabiliana na mashua ya kivita ya Wajerumani iliyoitwa Muansa. Wakati huohuo maafisa wa Uingereza waliondoka Kisii, na mji ukabaki bila mwenyewe.

Kwa waumini wa Mumbo, huo ndio uliokuwa mwisho wa Wazungu. Ofisi za serikali, maduka na misheni za Nyanchwa na Nyabururu ziliporwa. Lakini jambo moja lililokuwa wazi halikutiliwa maanani: waliowafukuza Wazungu walikuwa Wazungu wengine, wenye bunduki na kodi zao. Macho yaliyotamani kuona ukombozi hayakuiona bendera ya Ujerumani.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya mapigano ya Kisii, Wajerumani walirudi nyuma, na Waingereza wakarejea kulipiza kisasi. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakatwaliwa. Badala ya kutoweka, serikali ilizidi kubana, na wanaume wengi wa Nyanza wakachukuliwa kuwa wapagazi wa vita. Wengi wao hawakurudi.

Hata hivyo, utabiri ulioshindwa haukufa. Wafuasi waliendelea kuingoja siku hiyo. Katika miaka ya 1920, baadhi ya viongozi wa imani hiyo walikamatwa na kupelekwa uhamishoni pwani. Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari, serikali iliipiga marufuku Mumbo pamoja na vikundi vingine.

Hapo ndipo lilipo fumbo la maisha ya Onyango Dunde. Mnamo Desemba 12, 1963, miaka 50 baada ya kisa cha nyoka, bendera ya Uingereza iliteremshwa. Wapo wanaoweza kudai kwamba nabii huyo alisema kweli. Lakini uhuru haukutoka ziwani. Uliletwa na vyama vya siasa na vya wafanyakazi, na waliopigana msituni, na walioketi kwenye meza ya mazungumzo London. Onyango aliitambua vyema dhuluma iliyokuwepo, lakini akakosea kuhusu lini na vipi ingekoma, kwa maana hayo aliyapima kwa kiu yake.

Waliomcheka nao hawakuwa bora zaidi. Maafisa waliomwona mwendawazimu waliamini kuwa himaya yao ingedumu kwa vizazi vingi. Huo nao ulikuwa utabiri, uliotokana na mapenzi ya nafsi, nao ulianguka chini ya miaka 10 baada ya kuipiga marufuku Mumbo. Tofauti ni kwamba walipokosea wao, walipanda meli wakarudi kwao. Nabii wa Alego alipokosea, gharama ililipwa na wanakijiji waliobaki na majivu ya nyumba zao.