Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui: Mwasi kwa Mizani ya Nani?

Soko kuu la kisiwa cha Mombasa, lililoko kando ya Barabara ya Digo pale Mji wa Kale unapopakana na mji mpya, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kupewa jina la Sir William Mackinnon. Huyu alikuwa tajiri wa meli kutoka Scotland na mwasisi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni hiyo ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, ikaushika mwambao kwa mikataba na bunduki, kisha ikashindwa kujimudu, na tarehe 1 Julai 1895 nchi ikaingia mikononi mwa serikali ya Uingereza. Mwaka huohuo Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gasi, ambaye naye alikuwa ameishika sehemu ya mwambao huo kwa mikataba na bunduki, alihesabiwa kuwa mwasi. Mmoja aliachiwa soko, mwingine alifia ugenini. Maisha ya Mbaruk yanadhihirisha jinsi kitendo kimoja kilivyopimwa kwa mizani mbili, kwa kutegemea mkono uliokitenda.

Mbaruk alizaliwa katika ukoo uliotawala Mombasa kwa takriban karne moja. Wamazrui walitumwa Mombasa na watawala wa Oman wa ukoo wa Yaarubi. Ukoo wa Busaidi uliposhika madaraka huko Oman katika karne ya 18, wao walikataa kuutii, wakajitawala wenyewe ndani ya Ngome ya Yesu. Huo ndio uliokuwa ulimwengu wa Muyaka bin Haji, mshairi ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili humfahamu. Mwaka 1824 Wamazrui waliomba hifadhi ya Waingereza, na Kapteni Owen akaipandisha bendera ya nchi yake juu ya Mombasa. Mwaka 1826 bendera hiyo iliteremshwa, kwa kuwa London iliuthamini zaidi urafiki wake na Seyyid Said. Hatimaye, mwaka 1837, Said aliutwaa mji. Rashid bin Salim, baba yake Mbaruk na mtawala wa mwisho wa Kimazrui, alikamatwa kwa hila pamoja na wakubwa wenzake, wakahamishwa hadi Bandar Abbas, wasirudi tena. Waliosalia waligawanyika: baadhi wakaenda Takaungu upande wa kaskazini, na wengine Gasi upande wa kusini.

Mbaruk alikulia katika kumbukumbu ya dhuluma hiyo. Alipokuwa mkuu wa Gasi hakukubali kuwa raia mtulivu wa masultani wa Unguja. Mara kadhaa katika miaka ya 1870 na 1880 alishika silaha, akaishambulia miji ya pwani, kisha akarejea kwenye ngome yake ya Mweli katika eneo la vilima vya Shimba. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeliongoza jeshi la Sultani Barghash, alimwandama hadi huko. Hata hivyo, kila mara mambo yaliishia katika sulhu. Mbaruk alisamehewa, akarudi Gasi, na dola ikaendelea kana kwamba hapakuwa na lililotokea. Alikuwa na watu wengi, naye aliijua nchi ya bara kuliko maafisa wa Unguja. Hivyo kumsamehe kulikuwa rahisi kuliko kumshinda.

Kampuni ya Mackinnon ilipofika, nayo ilifuata njia hiyohiyo. Haikumuuliza Mbaruk habari za vijiji alivyovichoma wala za watumwa aliowamiliki. Badala yake ilimpa posho, naye akaipatia askari. Bunduki zilezile zilizoitwa za uhalifu chini ya Barghash sasa zilikuwa za kulinda amani, ilhali wenye kuzishika hawakubadilika.

Mambo yaligeuka mwezi wa Februari 1895, alipofariki Salim bin Khamis, mkuu wa Wamazrui wa Takaungu. Kwa mujibu wa desturi ya ukoo, mwenye umri mkubwa ndiye aliyestahili kurithi, naye alikuwa Mbaruk bin Rashid mwingine, jamaa na wajina wa yule wa Gasi. Wakuu wa Kampuni walimpendelea Rashid, mtoto wa marehemu, kwa kuwa alikuwa rafiki yao. Malalamiko ya upande wa pili yalijibiwa kwa majeshi. Wakimbizi wa Takaungu walipokimbilia kusini, mzee wa Gasi aliwapokea. Sir Arthur Hardinge, mwakilishi mkuu wa Uingereza huko Unguja, alimtaka ajisalimishe, naye akakataa. Mwezi wa Agosti 1895 kikosi kilichoongozwa na Admirali Rawson kiliiteka Mweli.

Vita vilienea kutoka Malindi hadi mpaka wa Wadachi. Waasi walivamia na kuchoma, na majeshi ya serikali nayo yalichoma. Ya kwanza yaliitwa unyang'anyi, ya pili yakaitwa kurejesha utulivu. Mwezi wa Machi 1896 kililetwa kikosi cha askari kutoka Bara Hindi. Mwezi uliofuata Mbaruk alivuka mpaka pamoja na mamia ya wafuasi wake, akajisalimisha kwa Gavana Wissmann wa Kijerumani.

Katika miezi hiyohiyo, upande wa kusini wa bara la Afrika, tabibu Mwingereza aitwaye Leander Starr Jameson aliongoza mamia ya wapanda farasi wenye silaha, akaivamia Transvaal bila ya vita kutangazwa, kwa nia ya kuipindua serikali yake. Alikamatwa tarehe 2 Januari 1896, akakabidhiwa kwa Waingereza wenzake. Alishtakiwa London mbele ya umma uliomshangilia, akahukumiwa kifungo cha miezi 15, na kabla ya mwaka kwisha akaachiliwa kwa sababu ya afya. Mwaka 1904 akawa Waziri Mkuu wa Koloni la Rasi. Mbaruk hakuvamia nchi ya mtu wa mbali. Aliwahifadhi jamaa zake waliokuwa na daawa ya urithi. Yeye hakupata hakimu wala nafasi ya kurejea kwao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Pamoja na hayo, ingekuwa kosa kumvika Mbaruk joho la mtetezi wa wanyonge. Yeye naye alikuwa na mizani mbili. Alichukizwa na hila waliyofanyiwa baba zake mwaka 1837, lakini watu wa vijiji vya bara walioshambuliwa na askari wake, wakatekwa na kuuzwa, hawakupata kwake haki aliyoidai kwa Sultani. Waingereza nao, waliojigamba kwa kupinga utumwa, hawakuona tatizo la watumwa wa Mbaruk alipokuwa mshirika wao. Hata baada ya yeye kuondoka, hadhi ya utumwa kisheria iliachwa iendelee mwambaoni hadi mwaka 1907. Aliyebeba mzigo wa mizani zote hizo ni mkulima asiyekuwa na ngome wala posho. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Kuasi na maasi ni maneno ya shina moja la Kiarabu, na katika Kiswahili maasi ni dhambi. Kwa hiyo amwitaye mwenzake mwasi humhukumu mara mbili, kwa sheria na kwa dini, kabla hajasikilizwa. Mbaruk aliitwa kwa jina hilo kila alipokuwa adui, na likaondolewa kila alipohitajika. Kilichobadilika ni haja za waliompa jina.

Mbaruk aliishi Dar es Salaam kwa posho ya Wajerumani. Mnamo Oktoba 1896 alifuatiwa huko na Seyyid Khalid bin Barghash, ambaye dai lake la kurithi kiti cha Unguja lilijibiwa kwa mizinga ya manowari chini ya Rawson yuleyule wa Mweli. Khalid alijaliwa kurudi mwambao wa kaskazini katika uzee wake, akafariki Mombasa mwaka 1927. Mbaruk hakujaliwa. Alifariki mwaka 1910 huko Dar es Salaam, mbali na Gasi na mbali na mji wa baba yake. Sanamu ya Mackinnon iliyosimamishwa Mombasa iliondolewa baada ya uhuru. Wenyeji waendao kununua viungo, ndizi na maembe husema wanakwenda Marikiti tu.